Kisu cha kukunja kimekaza, kimelegea au kimeota kutu: anzia hapa kabla hujashika nyundo

Mvua zikishakolea huku Mbeya, watu huanza kuniletea visu. Wengine huvifunga kwenye leso, wengine kwenye bahasha, na mmoja alikileta ndani ya soksi. Maneno ni yale yale: hiki ni cha marehemu baba, kilikuwa kinafunguka vizuri, sasa hata sielewi kimepatwa na nini.

Mimi si mhunzi. Ninakusanya tu visu vya kukunja, vile vya mfukoni vya kizamani, tangu babu aliponiachia kimoja alichorudi nacho kutoka Wenela, kama wazee wa Rungwe walivyoziita kazi za machimboni Afrika Kusini. Vingine nimeviokota kwenye marundo ya mitumba na vyuma chakavu pale Mwanjelwa, vingine Tunduma, vingine Mafinga. Na katika kuokota huko nimegundua kwamba visu vikongwe vingi nilivyovikuta vimekufa havikuuawa na kutu. Viliuawa na mtu aliyekuwa anavitengeneza. Ndiyo maana kila tatizo hapa chini linaanza na chanzo cha kawaida na dawa isiyoweza kudhuru. Nyundo na tupa zinakuja mwisho, na mara nyingi haziji kabisa.

Tukubaliane majina, maana kila fundi ana yake. Bapa ndilo linalokata. Springi ni kile kipande cha chuma kilicholala mgongoni mwa mpini, kinacholifanya bapa lisimame likifunguliwa na lilie "tak" likifungwa. Pini ni msumari mfupi wa shingoni ambao bapa huuzunguka. Hauna skrubu, umegongwa ukabanwa pande zote mbili. Vibao ni mfupa, pembe, mti au plastiki inayoshikwa na kiganja. Chini ya vibao kuna sahani nyembamba, kwa kawaida za shaba ya njano, mimi naziita bitana. Kisigino ni kinundu kidogo mwanzoni mwa makali kinachokaa juu ya springi kisu kikifungwa. Na ule mfereji mdogo ubavuni mwa bapa ni wa kuingizia ukucha.

Kabla ya kugusa chochote, zungushia makali utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi. Visu vya aina hii vingi havina kufuli. Springi peke yake ndiyo iliyosimama kati ya bapa na vidole vyako.

"Hakifunguki mpaka nitumie meno"

Acha meno kwanza.

Chanzo cha kwanza, na ninasema hivi kwa sababu ndicho ninachokikuta karibu kila mara, ni uchafu. Mfukoni kuna nyuzi za nguo, mchanga, makombo ya tumbaku. Juu ya hayo weka maji ya matunda yaliyokauka. Kule Tukuyu ni utomvu wa ndizi, ambao ukishakauka ni gundi. Kutoka Iringa nimeletewa kisu cha mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, ambaye hukatia vichipukizi vya mianzi asubuhi na jioni. Ule utamu unaotiririkia kwenye mbeta, kile chombo cha mwanzi cha kukingia, ulikuwa umetiririkia pia ndani ya mpini, ukaganda kama asali ya zamani, na sisimizi wawili walikuwa wamefia humo.

Angalia hivi: washa tochi ya simu, tazama ndani ya mpini upande wa makali. Chokonoa kwa kijiti cha meno, usitumie msumari. Kama mpini ni wa plastiki au chuma, kama vile vyekundu vya Victorinox ya Uswisi, osha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo huku ukifungua na kufunga, kausha vizuri, kisha tia tone la mafuta. Kama mpini ni wa mfupa, pembe au mti, usiuloweshe kamwe. Tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini, moja mahali bapa linapokutana na springi, kisha fungua na funga mara ishirini. Mafuta yatatoka meusi kama masizi ya chungu. Futa. Rudia. Kazi imekwisha pale mafuta yanapotoka na rangi yake ileile uliyoyatia.

Usitumie mafuta ya kupikia. Ya alizeti hasa yakikaa yanaganda na kunata, na baada ya miezi michache utakuwa umerudi ulipoanzia, ukiwa na gundi zaidi. Kwa kisu unachomenyea chakula, nunua chupa ndogo ya parafini ya maji duka la dawa, ile inayonywewa na wenye choo kigumu. Haina harufu, haina madhara, na inakaa muda mrefu.

Ukishindwa kulishika bapa kwa sababu ukucha unateleza, kata kipande cha kandambili chakavu, kibane pande zote mbili za bapa, vuta. Mpira unashika vizuri kuliko koleo, na hauachi alama za meno ya koleo ambazo hazitafutika tena.

Chanzo cha pili ni mti uliovimba. Hiki ni cha masika, na mgonjwa mkuu ni Opinel, kile kisu cha Ufaransa chenye mpini wa mviringo na pete shingoni. Joseph Opinel alikibuni huko Savoie mwaka 1890, na pete ya kufungia ikaongezwa mwaka 1955. Mpini wake kwa kawaida ni mti mtupu uliochanwa katikati, hauna bitana. Mti ukinywa unyevu wa Tukuyu, ule mwanya unabana bapa kama mlango wa choo wakati wa mvua. Wenyewe huko Savoie wana dawa yake: zungusha pete hadi mwanya wake ulingane na bapa, shika mpini katikati, kisha gonga kitako cha mpini juu ya meza. Bapa litachomoza kidogo, kiasi cha kulishika. Angalia vidole vyako visiwe juu ya mwanya.

Halafu kikaushe polepole. Si juani, na si kando ya jiko, kwa sababu mti uliovimba ukikaushwa haraka unapasuka. Kiache ndani ya nyumba, kimefunguliwa, siku nne au tano. Kikishatulia, yeyusha nta ya nyuki kidogo, ipitishe kwa kijiti kwenye shingo na ndani ya mwanya. Kama kila masika hali ni hiyo hiyo na kisu si cha zamani, unaweza kukunja msasa laini juu ya kadi ya simu na kuupitisha mwanyani mara chache. Kikiwa cha zamani, vumilia tu.

Tatu, kutu ya ndani. Utaijua kwa sauti: kisu kinasaga kama kina mchanga, na mafuta yanatoka na rangi ya kahawia. Changanya mafuta ya taa na mafuta ya cherehani nusu kwa nusu, tia matone mawili kwenye pini, kisimamishe kwenye glasi shingo ikiwa chini, kiache usiku kucha. Asubuhi jaribu kukitikisa, si kukifungua. Milimita moja inatosha. Tia tena, subiri tena. Kuna mzee alitoka Tukuyu na kisu ambacho mwanawe alitaka kukipeleka kwa fundi gereji. "Shikamoo baba," nikamwambia, "niachie siku tatu." Siku ya kwanza, hakuna. Ya pili, bapa lilisogea unene wa ukucha. Ya tatu lilifunguka lenyewe kwa kidole gumba. Alipokuja, alikifungua, akakifunga, akasikiliza ule mlio, akasema "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, akakitia mfukoni.

Simama hapa: ukihisi unahitaji koleo mbili, moja kushika mpini na nyingine bapa, acha. Bapa la chuma kigumu halipindi, linakatika, na kipande kinaruka usawa wa uso.

Chanzo cha nne ni nadra: mtu aliwahi kuigonga pini kupita kiasi. Kichwa cha pini kitakuwa kinang'aa, bapa bapa, kimezungukwa na alama za mwezi mchanga za nyundo. Hiyo hailegezwi kwa mafuta. Ni ya fundi.

"Kinacheza"

Swali langu la kwanza huwa: kinacheza kwenda wapi? Kifungue, shika mpini kwa mkono mmoja, shika mgongo wa bapa kwa mwingine. Sukuma kushoto na kulia. Halafu sukuma juu na chini. Haya ni magonjwa mawili tofauti.

Kushoto na kulia ni pini iliyolika au uchafu uliosukuma bitana zikaachana. Safisha kwanza kama nilivyoeleza hapo juu, kwa sababu mara nyingine punje moja ya mchanga ndiyo inayozitenga. Kama mchezo ni unene wa karatasi na bapa bado linasimama imara, shauri langu ni kukiacha. Na kama ni Okapi, jua kwamba kucheza kidogo ni tabia yake ya kuzaliwa. Kisu hiki, chenye mpini wa mti uliopachikwa vinyota na miezi ya bati, kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni yake ya Afrika, na tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Kilikuwa kisu cha bei nafuu cha mtu wa kazi. Usikidai usahihi wa saa.

Sasa hadithi yangu. Kisu cha pili kukimiliki kilikuwa na vibao vya mfupa, njano kama jino la mvuta kiko. Kilikuwa kinacheza kidogo tu. Nikakilaza juu ya kichwa cha shoka, nikachukua nyundo ndogo ya fundi viatu, nikagonga pini. Moja, mbili, tatu, kikakaza. Nikasema niongeze moja ya baraka. Hiyo ya nne ililia tofauti, tik, kama mtu aliyekanyaga ganda la karanga, na ufa ukakimbia kutoka kwenye pini hadi katikati ya kibao. Ninacho mpaka leo, nakionyesha kwa watu wenye haraka.

Kosa langu halikuwa ile ya nne peke yake. Tazama pini inapotokea. Kama inatokea katikati ya kofia ya chuma iliyo shingoni mwa mpini, unaweza kuigonga kwa nyundo ndogo, kisu kikiwa juu ya chuma tambarare, mguso mmoja, jaribu, mguso mwingine, jaribu. Kama pini inatokea katikati ya mfupa, pembe au plastiki, usiiguse kwa nyundo kabisa. Hakuna mguso mdogo wa kutosha.

Juu na chini ni jambo zito zaidi. Maana yake springi haiegemei bapa sawasawa: imelika, imechoka, au imepasuka. Kwa Okapi, tazama yale meno ya kufuli yanayolia krr-krr ukifungua. Yakiwa mviringo badala ya kuwa na pembe kali, kufuli si kufuli tena. Jaribu hivi: fungua kisu, egemeza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza, vidole vyote vikiwa kando ya mpini na si chini ya makali, sukuma taratibu. Likijikunja, kisu hicho kimestaafu kazi. Kiweke kwenye mkusanyiko, usikikatie kitu.

"Nimekinoa lakini hakikati"

Kwanza niulize: lazima ukinoe? Kisu cha zamani ambacho bapa lake halijawahi kuguswa na kinoo kina thamani kubwa kwa mkusanyaji kuliko kilichonolewa vizuri. Kama hutakitumia, kiache na butu lake.

Kama ni cha kazi, basi chanzo cha kwanza ni ule unyuzi wa chuma unaobaki ukingoni baada ya kunoa. Unahisi kisu ni kikali, unakata nyanya moja, ya pili kinateleza. Pitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe usikipitishe kufuata urefu wa makali, upande huu na ule. Ukihisi kitu kinakwaruza upande mmoja, unyuzi upo. Dawa ni mkanda wa ngozi: uvute ukaze, pitisha bapa mgongo ukitangulia, mara kumi na tano kila upande. Huna mkanda? Gazeti lililolazwa juu ya ubao linafanya kazi hiyo hiyo.

Chanzo cha pili ni mkono usiotulia. Pembe nzuri kwa kisu cha mfukoni ni nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Hakuna mwenye kipimapembe kichwani, kwa hiyo tumia theluthi: inua mgongo wa bapa kutoka kwenye kinoo kwa theluthi moja ya upana wa bapa. Bapa la milimita 15, mgongo uwe juu milimita 5. Hiyo ni karibu nyuzi 20. Robo ya upana ni karibu nyuzi 15. Paka makali wino wa maka peni, noa mara tatu, tazama wino ulipofutika. Ukifutika juu tu, mbali na ukingo, umelaza mno. Ukifutika ukingoni peke yake, umeinua mno.

Tatu ni kinoo chenyewe. Ngazi ya sementi inanoa panga, hainoi kisu cha babu. Kile kinoo cha pande mbili cha duka la vifaa vya ujenzi kinatosha, ili mradi kisiwe kimelika katikati kama mtumbwi.

Chanzo cha nne kinaniuma. Ni jiwe la umeme, au grainda. Dakika moja tu na ukingo wa bapa unageuka rangi: njano ya majani makavu, kahawia, zambarau, kisha bluu. Ile bluu ni takriban nyuzijoto 300. Mabapa mengi ya chuma cha kaboni, yakishagumishwa kiwandani, hupashwa tena hadi joto la karibu 200 tu, kwa hiyo bluu inasema ugumu umeondoka na hautarudi kwa kunoa. Kitakata leo, kesho ni butu. Sehemu ya bluu ikiwa nyembamba sana unaweza kuiondoa taratibu kwa kinoo chenye maji mpaka ufikie chuma kizima. Ikiwa pana, mwachie anayejua, au kubali. Wanoaji wa baiskeli wanaopita mitaani ni watu wazuri kwa visu vya jikoni na mikasi. Kisu cha mfukoni cha miaka sitini usiwape.

"Kimebadilika rangi"

Soma rangi kabla ya kusugua.

Kijivu, bluu ya mawingu, au zambarau kidogo, uso ukiwa laini: huo si ugonjwa. Ni ngozi ya chuma cha kaboni. Parachichi la Rungwe, embe la Kyela, limao, kitunguu, vyote vinaiacha. Inakinga bapa kwa kiasi fulani dhidi ya kutu nyekundu, na wakusanyaji wanaipenda. Anayekisugua mpaka king'ae kama kijiko cha harusi amekifutia umri, na kwenye meza ya kuuzia umri ndio mali.

Nyekundu au rangi ya chungwa, inayoacha unga kidoleni: hiyo ni kutu, ishughulikie leo. Paka mafuta ya cherehani, acha nusu saa, sugua kwa kipande cha shaba, hata sarafu ya shaba ya zamani. Shaba ni laini kuliko bapa, inakwangua kutu bila kukwaruza chuma. Ikigoma, tumia pamba ya chuma iliyo laini kabisa pamoja na mafuta, ukielekeza mkono kufuata urefu wa bapa. Ukifika kwenye chapa iliyogongwa shingoni, simama. Jina la kiwanda na mji, Sheffield ya Uingereza au Solingen ya Ujerumani, limechimbwa kina kidogo sana. Ukishalifuta huna kisu cha Sheffield, una kisu.

Nyeusi yenye vishimo: kutu imeshakula. Vishimo havijazwi. Zuia isiendelee, basi.

Kijani kwenye bitana au pini: shaba imekutana na asidi au mafuta yaliyochacha, mara nyingi kutoka kwenye ala ya ngozi. Ondoa kwa kijiti cha meno na tone la mafuta. Na usikihifadhi kisu ndani ya ala ya ngozi hata siku moja. Ala ni ya kusafiria tu.

Usitumie siki, limao, soda, wala maji ya betri. Nimeshaona vyote vinne. Bapa linatoka jeupe, mwenye nalo anafurahi wiki mbili, halafu asidi iliyoingia kwenye pini inaanza kazi mahali ambapo wewe huoni.

Kuhifadhi: kitambaa cha pamba chenye mafuta kidogo, sanduku lenye nafasi ya hewa, na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usitupe vipakiti hivyo. Katika nyumba ya Tukuyu vina kazi kuliko viatu vyenyewe.

"Mpini umepasuka" (na boksi lina harufu)

Mti, mfupa na pembe hupasuka kwa kukauka haraka baada ya unyevu: kisu kimewekwa dirishani, au darini juu ya moto wa jikoni kama wazee walivyoweka mbegu. Ufa mwembamba usiosogea, uache. Unaosogea ukibonyeza, tia gundi ya epoksi kwa ncha ya sindano, funga kwa uzi, kiache siku nzima. Supa gluu haifai: inakauka nyeupe kama ukungu na inarukia kwenye springi. Ukilazimika kupiga msasa mfupa au pembe, vaa barakoa, fanya nje. Vumbi lake ni baya kwa mapafu.

Lakini kuna mpini mmoja wa kuogopa. Nilikuwa na bati la biskuti lenye visu saba. Kimoja kilikuwa na mpini wa kahawia na njano kama gamba la kobe, kizuri kuliko vyote. Nikalifunga bati mwezi Februari, nikalifungua Mei. Harufu ilinipiga usoni: kafuri, na chini yake kitu kichachu. Ule mpini ulikuwa umeota vijiufa kama tope la bwawa lililokauka. Na vile sita vilivyolala jirani, ambavyo nilikuwa nimevipaka mafuta mwenyewe, vilikuwa na kutu na shaba yao imegeuka kijani.

Ilikuwa seluloidi, plastiki ya kale iliyotengenezwa kwa selulosi iliyotiwa asidi ya naitriki na kuchanganywa na kafuri. Ikizeeka inatoa hewa ya asidi inayokula chuma chochote kilicho karibu. Haina dawa. Kitenge peke yake, mahali penye hewa, mbali na joto. Usijaribu kuitambua kwa kiberiti wala sindano ya moto: inawaka kwa ghafla, na huizimi kwa kupuliza. Ikishaanza kulowa na kunata, itoe ndani ya nyumba.

Onyo jingine la mpini, hili ni la sheria. Mfupa ukiutazama kwa karibu una vidoa na vistari vifupi vyeusi. Ukiona badala yake mistari myembamba inayokatana kama wavu, hiyo ni dalili ya pembe ya ndovu. Usinunue, usiuze, usisafiri nacho. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, kumiliki nyara za serikali bila kibali ni kosa. Ulichorithi kinaanzia kwa afisa wanyamapori wa wilaya.

"Kikifungwa ncha inatoka nje," au "makali yana pengo katikati"

Ndugu wawili wa kisigino kimoja. Ncha ikichomoza, kwanza toa uchafu ulioganda ndani ya mpini. Hilo peke yake huponya vingi. Kama sivyo, mtu alichonga ncha mpya vibaya. Ncha iliyovunjika husagwa kutokea mgongoni kushuka, si kutokea makali kupanda, vinginevyo inakaa juu na kuchoma paja. Kutia tupa kwenye kisigino kunaishusha ncha, lakini mvuto mmoja ukizidi, makali yanaanza kugonga springi, na hapo ndipo pengo la katikati linapozaliwa. Pengo likishakuwepo, weka kipande chembamba cha ngozi iliyolowa nta chini kabisa ya mwanya, na uache kukifunga kwa kukiachia kijipige chenyewe. Kisindikize.

"Springi imekatika"

Hakuna la kufanya nyumbani. Usikipeleke kwa fundi wa kuchomelea: moto wake unaua ugumu wa springi na wa bapa kwa pamoja, na kibao kinaungua juu yake.

Ukibidi kutafuta fundi, pita mbele ya gereji usiingie. Nenda kwa fundi saa au sonara. Wana nyundo ndogo, jiliwa ndogo, miwani ya kukuzia na, muhimu zaidi, wamezoea kitu ambacho hakina spea. Usimwambie "kitengeneze". Mwandikie kwenye karatasi, kwa herufi kubwa: usisage chapa, usipige rangi, usitie moto, pini ikitoka nirudishie. Funga karatasi hiyo na kisu kwa raba bendi moja, na ukae pale mpaka umwone ameisoma.